Ngao Niliyoitoa Begini Mwako

Zuwena mwanangu,

Salamu nitakupa kesho asubuhi bandarini Mkoani, mkono kwa mkono, kwa hivyo hapa naziruka. Nakuandikia wakati huu umekwenda Kengeja kuwaaga shangazi zako, na najua hutarudi kabla ya magharibi, maana shangazi zako hawamruhusu mtu kuondoka mpaka ale mara mbili. Nyumba iko kimya. Nimekaa ukumbini, begi lako liko wazi juu ya mkeka mbele yangu, na wewe mwenyewe ndiye uliyeniachia kazi ya kulifunga kwa sababu zipu yake inagoma.

Nilipokuwa nikizikandamiza nguo, mkono wangu uligusa kitu kigumu katikati ya kanga zako. Nikadhani ni pasi. Nikafunua, kumbe ni ngao yangu ya kioo, ile ya tuzo.

Nilicheka peke yangu. Umeiiba kabatini, na mahali pake ukasimamisha picha ya mama yako ili nisigundue. Wewe hukujaaliwa wizi, mwanangu. Hata ulipokuwa ukiiba sukari utotoni, kijiko ulikuwa unakisahau ndani ya kopo. Nilicheka mpaka nikaona hakuna wa kucheka naye.

Sasa nimeitoa. Iko hapa mezani karibu na karatasi hii, na barua hii ni ya kukueleza kwa nini. Kwa mdomo nimejaribu tangu juzi, na kila nikianza unaniuliza kama nimekunywa dawa ya presha.

Sitakwambia uchemshe maji, bibi afya sasa ni wewe. Sitakwambia uswali wala uchague marafiki, wala kwamba Kigoma unakokwenda kuanza kazi ni mbali. Hayo yote unaambiwa Kengeja saa hii, na shangazi wote kwa pamoja. Mimi nataka kukwambia habari ya ngao.

Unakumbuka harusi ya binamu yako kule Kengeja, uliponing'ang'ania mkono nikupeleke uani ukaone pilau linavyopikwa? Tulipotokeza, wapishi wote wakageuka. Mmoja akafunika sufuria, mwingine akakimbilia kunawa mikono mpaka sabuni ikamponyoka, wa tatu akasimama mbele ya beseni la nyama akatandaza kanga. Nikawaambia, "Jamani, miye nimekuja kula tu." Wakacheka kidogo, kwa adabu. Njiani ukaniuliza, "Baba, kwani wanakuogopa?" Nikakujibu kuwa wananiheshimu. Lilikuwa jibu la kukunyamazisha. Mtu akimwona bwana afya hukumbuka kuwa kisima chake hakina mfuniko, na hakuna apendaye kukumbushwa kisima akiwa harusini.

Kazi uliyoichagua ni ya upweke, Zuwena. Nadhani chuoni hawakukwambieni. Daktari akimtibu mtu, yule mtu humletea kuku. Sisi hatuletewi kuku, kwa sababu tuliyemwokoa hajui kuwa ameokolewa. Mtoto ambaye hakuharisha yuko zake anacheza, na mama yake hana habari kuwa kuna mtu alisimama juani siku nzima akibishana na fundi juu ya umbali wa shimo la choo na kisima. Mimi nimeishi Mtambile maisha yangu yote ya kazi, najua kila kisima na kila karo, na bado nikipita kwa muuza mishkaki naona anavyogeuka kutafuta kitambaa chake. Siku nyingi nimerudi nyumbani na njaa kwa sababu sikutaka kumtia mtu roho juu kwa kusimama mbele ya meza yake.

Kwa hivyo zikitajwa tuzo, watu wa kazi yetu hutega masikio. Usiwacheke. Ni siku moja ambayo mtu anasimama mbele ya watu akaambiwa kwa sauti kwamba kuna jambo baya ambalo halikutokea, na halikutokea kwa ajili yake. Nilikuwa nimeisubiri siku hiyo bila ya kumwambia mtu, hata mama yako.

Mwaka ule ulikuwa bado unachongewa penseli na mama yako. Chama chetu cha maofisa wa afya ya mazingira kikatangaza kuwa kitatoa ngao kwa ofisa aliyefanya kazi iliyotukuka kuliko wote, na majaji watapita kuona kwa macho yao. Mkubwa wangu wa kazi akapeleka jina langu kwa ajili ya kazi yangu ya vyoo kisiwani Makoongwe.

Makoongwe unaiona tu ukiwa gatini Mkoani, hukuwahi kufika, na hilo nalo ni kosa langu. Kisiwa kile ni mawe. Ukichimba, mtaimbo unarudi mikononi na maumivu. Watu walikuwa wakienda kichakani tangu enzi za babu zao, na ukiwaambia habari ya choo wanakuonyesha jiwe. Nilivuka kwenda kule miaka na miaka. Na nisingefika popote bila ya Bi Mize.

Bi Mize alikuwa mjane, umri wa mama yangu, na ndiye aliyejitolea kuzunguka nyumba kwa nyumba pamoja na mimi. Mimi mwanamume siwezi kupiga hodi nyumba ambayo mwenyewe yuko baharini nikaomba kuoneshwa choo. Yeye akiingia, akikaa, akizungumza habari za wajukuu, na choo kikija chenyewe katikati ya maneno. Tukimaliza ananiita kwake. Hakuwa akinikaribisha ukumbini kwenye kiti. Nikipita moja kwa moja mpaka jikoni, nikikaa juu ya gogo, nikila muhogo na pweza, na yeye juu ya mbuzi akikuna nazi na kunitania. "Hamadi, ukifa utazikwa na kipimo cha shimo mkononi." Hakuna mtu mwingine kisiwani wala nje ya kisiwa, ukimtoa mama yako, aliyeniita Hamadi kwa namna ile. Kwake nilikuwa mtu aliyekuja kula.

Basi yakajengwa mashimo juu ya mawe, na mradi wa vyoo ukaleta mabati, milango na makufuli. Ilipokaribia siku ya majaji, nikavuka, nikawakusanya watu kwa Sheha, nikawaambia: "Wageni wetu wanakuja wiki ijayo. Nataka vyoo ving'are. Nataka mgeni akifungua mlango aone haya kuingia na viatu." Watu walicheka, na mimi nikajiona msemaji.

Hapa unaijua hadithi, maana nimeisimulia kwenye kila harusi. Wewe umekulia nyumba za huku. Sahani nzuri zinakaa kabatini zikimsubiri mgeni, shuka jipya halitandikwi mpaka mgeni afike, na ukumbi ukishadekiwa, watoto wanapitia uani. Wale watu walinisikia kama mwenyeji anavyosikia. Wakavisugua vyoo, wakavipaka chokaa, wakatia makufuli, funguo wakazificha chini ya magodoro, na Makoongwe nzima ikarudi kichakani ili vyoo visichafuke kabla ya wageni.

Majaji walikuja na viatu vyeupe. Kila mlango ukifunguliwa, udi. Kwa Bi Mize kulikuwa na kisahani cha karafuu na taulo ambalo bado lina karatasi ya dukani. Jaji mmoja, mama mcheshi, akasema nyumbani kwake hana choo cha namna ile. Nikamvuta Bi Mize pembeni, nikamwuliza mbona sakafu zote zimekauka hivi. Akaniambia kwa fahari, "Hatukuingia tokea siku ile ulosema, mwanangu. Twakutunzia."

Hapo ndipo huwa naishia, na watu hushika mbavu. Sasa utajua kwa nini mama yako alikuwa akinyanyuka kwenda kutia maji birikani kila nilipoianza hadithi hiyo. Yeye alikuwa anajua kuwa haiishii hapo.

Wageni walikuwa wanasubiriwa na boti, na mawimbi yalikuwa yameanza kunyanyuka. Nikajiambia nitampigia simu Bi Mize jioni, nimwambie wavifungue. Jioni nilikwenda kwa fundi kupimwa suti. Kesho yake nikaambiwa na mkubwa wangu kuwa majaji wamependezwa sana, na kutwa nzima nikawa natembea kama mtu aliyekunywa kahawa nyingi. Sikupiga simu, Zuwena. Sikusahau hasa. Nililiona kila siku, na kila siku nikaona ni jambo dogo. Na wao kule wakaendelea kufunga, kwa sababu mgeni anaweza kurudi, na hakuna aliyewaambia kuwa wageni wamemaliza.

Ikanyesha. Unajua mvua za vuli zinavyoweza kumwaga kwa siku kadhaa bila ya kupumzika. Kile kichaka kiko juu, na kisima wanachochota maji kiko chini.

Mimi nilikuwa Dar es Salaam. Ukumbi ulikuwa wa baridi ya mashine, watu wamevaa, meza zina vitambaa. Jina langu likaitwa. Nikapanda jukwaani, watu wote wakasimama kunipigia makofi, na nitakwambia nilichokikumbuka pale juu: wale wapishi wa Kengeja. Nikasema moyoni, laiti wangeniona. Nikalia mbele ya watu, na picha ya kilio hicho ndiyo ile aliyoitundika mama yako chumbani kisha akaiteremsha. Simu nilikuwa nimeizima ili isije ikalia katikati ya hotuba. Na baada ya hotuba sikuiwasha, kwa sababu nilitaka siku moja ya peke yangu. Kesho yake tukapelekwa kupiga picha na kula chakula cha mchana, na bado ilikuwa imezimwa mfukoni mwa suti.

Nilipoiwasha, niliona Bi Mize amepiga na kupiga.

Kuna ahadi nilimpa, na hii hata mama yako nilichelewa kumwambia. Zamani kidogo kulikuwa na kipindupindu upande wa Mkoani, na Bi Mize akaona maiti inavyozikwa wakati wa ugonjwa ule. Watu wetu wa afya wanakuja na barakoa na glavu, wanaosha wao, wanapulizia dawa, na jamaa wanatazama kwa mbali. Unajua sisi kuosha maiti wetu ni nini. Akaniambia siku ile jikoni, ameacha kukuna nazi, "Hamadi, ikija kwangu, uje weye. Sitaki mkono nisoujua." Nikamwambia, "Nitakuja miye, Bi Mize."

Ilikuja kwake. Alikuwa na mjukuu anayemlea, Saumu, mliyezaliwa naye Ramadhani moja. Saumu alianza kuharisha alfajiri, na mpaka boti inapatikana ya kumvusha kwenda hospitali, mtoto hakuwa tena wa kuvushwa. Wakaja maofisa kutoka upande mwingine, kwa sababu mimi sikuonekana. Walifanya kazi yao sawasawa, na ningekuwapo ningefanya hivyo hivyo. Ila hawakuwa wakimjua. Waliuliza jina la mtoto pale pale kaburini.

Kama ni yale makufuli, sijui, na sitajua. Kisima kile kilikuwa na ufa tangu zamani, na katika ripoti wenzangu waliandika ufa. Wala hawakukosea. Lakini mimi ninaijua njia ya maji ya Makoongwe kama ninavyoijua njia ya kwenda msikitini.

Niliporudi nilikwenda. Hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo limenikaa zaidi kuliko la simu. Nilikwenda na boti ya idara, pamoja na wenzangu, nimevaa buti za mpira na bomba la dawa mgongoni. Kulikuwa na kazi ya kufanya na niliona ni vyema niifanye mimi. Mlangoni kwa Bi Mize kulikuwa na viatu vya wanawake vimejaa, na ndani wamekaa juu ya mikeka. Nikasikia mmoja akisema, "Kaja Bwana Afya," na wakajisogeza wote, kama wale wapishi. Nikasimama kizingitini na buti zangu. Nikatoa pole nimesimama. Kisha nikauliza kama kuna mwingine anayeharisha ndani ya nyumba.

Ni swali la haki. Ndilo swali la kwanza tunalofundishwa, na nawe utaliuliza. Lakini Bi Mize aliniangalia miguu. Akanyanyuka, akaingia chumbani, akarudi na kufuli la choo chake akanitia mkononi. "Chukua, Bwana Afya," akasema. "Hapano hapafungwi tena."

Hakuwahi kuniita Bwana Afya kabla ya siku ile. Wala sauti yake haikuwa na hasira. Ingekuwa na hasira ningejua la kufanya, ningekaa chini nikaomba radhi. Alisema kwa heshima, kama unavyomwambia mgeni wa serikali.

Na heshima hiyo haikuondoka. Nimefika Makoongwe mara nyingi baada ya hapo, kazi haikusimama. Kisima kipya kimejengwa, watu wanavitumia vyoo vyao, na ugonjwa haujarudi. Kila nikifika kwa Bi Mize naletewa kiti. Naletewa meza ndogo, kitambaa, chai ya maziwa na mkate wa kumimina. "Karibu, Bwana Afya. Starehe, Bwana Afya." Halafu anaondoka. Nakunywa chai peke yangu ukumbini, huku nasikia mbuzi ikikwaruza nazi jikoni, na watu wakizungumza naye. Hakuna siku aliyonisema. Hakuna mtu aliyesikia kutoka kwake neno baya juu yangu. Nimepata ngao ya taifa, mwanangu, na nimepoteza gogo la kukalia jikoni kwa watu.

Mama yako aliniambia mapema. Alisema, "Usende na boti ya kazi, Hamadi. Nenda peke yako, ukakae." Nikamwambia nitakwenda mambo yakitulia. Mambo yalitulia zamani sana, na sikwenda. Nilikuwa naona haya, kisha haya ikawa mazoea, kisha mama yako akaanza kuumwa.

Alipofariki, ulikuwa chumbani na shangazi zako, huenda hukumwona. Bi Mize alivuka na wanawake wa kwao, mzee vile, na goti lake bovu. Alikaa matanga yote. Nilimwona mara moja tu, nilipopita uani kutafuta ndoo. Alikuwa amechutama anakosha sahani zetu. Alinyanyua kichwa, akasema, "Pole, baba," akarudi kwenye sahani zake. Mimi nikachukua ndoo nikatoka kwa wanaume. Nilipojikaza nikarudi uani, walikuwa wameshaondoka kuiwahi mashua.

Aliyejua kwenda kukaa ni yeye. Mimi nilikuwa nimesoma tu.

Sasa nirudi kwenye begi lako. Juzi kwenye chakula ulisema, "Baba, nikifika naiweka mezani ofisini, niitazame kila asubuhi mpaka nipate yangu." Ulisema na mdomo umejaa, na macho yako yaling'aa vile vile kama ulipokuwa mtoto unaipangusa kwa upindo wa gauni. Nikajua wakati ule kuwa uliichagua kazi hii kwa sababu ya kioo hiki. Ulikuwa ukinitazama miaka yote hiyo ukamwona mtu aliyepigiwa makofi. Mimi nikakuongezea mchuzi.

Naogopa, Zuwena. Sikuogopei kipindupindu cha ziwani wala safari ya treni. Naogopa utaitazama kila asubuhi, utaipata yako, na siku moja utakuwa hodari kote nchini na kila nyumba unayoingia unaletewa kiti. Ningependa ukae juu ya gogo. Ningependa watu wakuite Zuwena.

Sikukatazi tuzo, usije ukanisoma vibaya. Jina lako likiitwa, panda. Shona nguo nzuri, piga picha, lia ukitaka, na mimi nitazibandika ukuta mzima wa ukumbi huu na kumwonesha kila anayekuja kuomba maji. Watu wetu wanastahili kupigiwa makofi hata mara moja. Ila simu yako iache wazi. Na ukimaliza jambo mahali, waambie watu kuwa wageni wameshaondoka, maana wao hawana mwingine wa kuwaambia.

Ngao nimeirudisha kabatini, nyuma ya picha ya mama yako. Picha sikuiondoa, imependeza pale ulipoiweka. Begini, ndani ya kanga zile zile, nimekuwekea kufuli. Limeota kutu na ufunguo wake haupo, alibaki nao Bi Mize. Kama utataka kitu cha kuweka mezani, weka hilo. Watakuuliza ni la nini. Waambie ni la baba yako, na ukipata mtu unayemwamini mwambie mpaka mwisho, usiishie pale watu wanapocheka.

Usinihurumie kwa kubaki peke yangu. Au nihurumie kidogo, sitakudanganya. Naiogopa jioni ya kesho. Nimezoea kusikia unavyoburuta makubazi kutoka chumbani kwenda jikoni, nakukataza kila siku, na kesho nitakaa nikisikiliza bati linavyolia likipoa. Nitapika wali wa watu wawili kwa mazoea, kisha nitautazama. Nimekuwa mtu wa kuogopewa na masufuria ya watu wengine kwa muda mrefu, na chungu pekee kilichokuwa hakijifuniki nikikaribia kilikuwa chako.

Kwa hivyo nimeamua jambo, na nakuandikia ili nisije nikarudi nyuma. Kesho boti yako ikishaondoka, sitapanda gari kurudi Mtambile. Vyombo vya Makoongwe vinaondokea pale pale pembeni. Sitavaa shati la ofisi. Nitachukua mchele na sukari kama anavyochukua mtu anayekwenda matangani, hata kama nimechelewa miaka yote hii. Nitavua viatu mlangoni. Akiniletea kiti nitamshukuru, akiniletea chai nitakibeba kikombe nimfuate jikoni, nikae popote patakapokuwa na nafasi, na nimtaje Saumu kwa jina. Ataniita nani, sijui. Huenda akaniita Bwana Afya mpaka siku ya kufa kwake, na itakuwa haki yake.

Naisikia sauti yako barabarani, unaagana na mtu. Wacha niifunge zipu hii kabla hujaingia. Ukifika Unguja nipigie, simu yangu itakuwa wazi, nitapokea pale pale nilipo. Ukisikia nyuma yangu nazi inakunwa, ujue nimekaa.

Baba yako,
Hamadi